Mafumbo ya mashua na mkondo wa mto: namna ya kuyafumbua kwa aljebra, hatua kwa hatua

Mashua inasafiri kilomita 36 kwa kufuata mkondo wa mto na kutumia saa 2. Inaporudi ilikotoka, ikiukabili mkondo uleule, inatumia saa 3. Tafuta kasi ya mashua katika maji tulivu, na kasi ya mkondo.

Wengi wakikutana na fumbo la namna hii huandika x haraka haraka, halafu hukwama, kwa sababu hawajui hiyo x waiweke wapi. Aljebra yenyewe ni nyepesi, mara nyingi ni kujumlisha, kutoa na kugawanya tu. Kinachokwamisha ni picha ya mto ambayo haijakaa sawa kichwani. Kwa hiyo tutaanza na maji, kabla ya herufi yoyote.

Mto unaifanyia nini mashua

Maji hufuata mkondo, na kila kilichomo majini hubebwa na maji. Gogo linaloelea linashuka kwa kasi ya mkondo, halizidi wala halipungui. Zima injini ya boti katikati ya mto na boti yenyewe inageuka gogo.

Sasa washa injini. Rafadha inasukuma maji. Haisukumi ukingo wa mto. Kasia nalo hupiga maji. Kwa hiyo kasi ambayo injini au mikono ya mpiga makasia inaipa mashua ni kasi ya kuyapita maji yaliyoizunguka, na haijali kama maji hayo yametulia au yanatembea. Hiyo ndiyo inayoitwa katika mafumbo "kasi katika maji tulivu". Jina hilo huwapotosha watu, kwani wanadhani ni kasi ya mahali pengine, labda ziwani, isiyohusika na safari ya mtoni. Inahusika moja kwa moja. Mashua inayoenda kilomita 15 kwa saa katika maji tulivu inaendelea kuyapita maji kwa kilomita 15 kwa saa hata mtoni, iwe inapanda au inashuka. Kinachobadilika ni kasi yake kwa mtu aliyesimama ukingoni, kwa sababu maji nayo yanatembea mbele ya macho yake.

Ita kasi ya mashua katika maji tulivu m, na kasi ya mkondo k. Mashua ikishuka na mkondo, maji yanaibeba kuelekea kulekule inakokwenda, kwa hiyo mtu wa ukingoni anaiona ikienda kwa m + k. Ikipanda, kila saa inapiga hatua ya m kwenda juu huku maji yakiirudisha k chini, na mtu wa ukingoni anaiona ikienda kwa m − k. Umbali unaotajwa katika mafumbo hupimwa ukingoni, kutoka gati hadi gati au kijiji hadi kijiji. Kwa sababu hiyo kasi tunazozitumia pamoja na umbali huo ni m + k na m − k, wala si m peke yake.

Jambo moja linafuata hapo, nalo litatusaidia baadaye: kama mashua imefanikiwa kupanda mto, lazima m iwe kubwa kuliko k. Mashua yenye m sawa na k itaunguruma siku nzima ikiwa palepale mbele ya mti uleule wa ukingoni.

Kusoma maneno kabla ya namba

Soma fumbo mara ya kwanza kama hadithi, bila kuandika kitu. Jiulize: ni nani anasafiri, anaelekea wapi, na ni safari ngapi? Mara ya pili ndipo uwinde maneno yanayobeba maana ya hesabu.

"Kufuata mkondo", "kushuka mto" na "pamoja na mkondo" yote ni m + k. "Kupanda mto", "kinyume cha mkondo", "dhidi ya mkondo" na "kuukabili mkondo" yote ni m − k. Maneno "kwenda" na "kurudi" hayakuambii lolote mpaka ujue safari ilianza upande gani, na mtungaji wa mtihani anaweza kuanza na kupanda makusudi ili aone kama unasoma au unakisia. Tahadhari pia na sentensi kama "boti inashuka mto kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa". Hiyo 18 tayari ina mkondo ndani yake. Ni m + k. Ukiiandika kuwa m, kila kitakachofuata kitakuwa kibaya hata kama hesabu zako zote ni safi.

Kisha tazama vipimo. Kasi ikiwa kwa saa, muda nao uwe wa saa. Saa 1 na dakika 30 ni saa 1.5, si 1.30. Saa 1 na dakika 20 ni 4/3, na hapo nakushauri ubaki na sehemu yako, ukiandika 1.33 utapata jibu lililo karibu na kweli lakini halilingani, na utapoteza muda ukitafuta kosa ambalo halipo. Kasi ya mkondo ikitolewa kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Vyombo vya baharini hupimwa kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Fanya mabadiliko hayo mwanzoni kabisa, kabla ya mlinganyo, maana kubadili vipimo katikati ya aljebra ni kujitafutia balaa.

Jedwali, na fumbo la kwanza

Kanuni ni moja tu: umbali = kasi × muda. Ukiipindua unapata muda = umbali ÷ kasi, na kasi = umbali ÷ muda. Chora jedwali lenye mistari miwili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda, na safu tatu. Jaza unachokijua, kisichojulikana kiandike kwa herufi. Kwa fumbo letu la mwanzo:

| Safari | Umbali (km) | Kasi (km/saa) | Muda (saa) |
|---|---|---|---|
| Kushuka | 36 | m + k | 2 |
| Kupanda | 36 | m − k | 3 |

Kila mstari wa jedwali ni mlinganyo. Mstari wa kwanza unasema (m + k) × 2 = 36, yaani m + k = 18. Wa pili unasema (m − k) × 3 = 36, yaani m − k = 12.

Jumlisha milinganyo hiyo miwili. Upande wa kushoto, k inajumlishwa na kutolewa, inajifuta yenyewe, na inabaki 2m = 30. Basi m = 15. Toa mlinganyo wa pili kutoka wa kwanza, na sasa m ndiyo inayojifuta: 2k = 6, hivyo k = 3.

Mashua inakwenda kilomita 15 kwa saa katika maji tulivu, na mkondo ni kilomita 3 kwa saa. Kabla ya kupiga mstari chini ya jibu, rudi kwenye hadithi: 15 + 3 = 18, na kilomita 36 kwa kasi ya 18 ni saa 2. Halafu 15 − 3 = 12, na kilomita 36 kwa kasi ya 12 ni saa 3. Linganisha na maneno ya fumbo, si na mlinganyo wako. Mlinganyo ukiwa umekosewa, jibu lako litakubaliana nao vizuri sana na bado litakuwa si jibu.

Ukitazama tulichokifanya, utaona kuwa m ni nusu ya jumla ya kasi mbili za ukingoni, na k ni nusu ya tofauti yao. Hilo linafaa kukaa kichwani. Fumbo lolote linalokuwezesha kupata kasi ya kushuka na kasi ya kupanda limekwisha hapo hapo.

Umbali usipojulikana: mtego wa wastani

Boti yenye kasi ya kilomita 20 kwa saa katika maji tulivu inashuka mto wenye mkondo wa kilomita 4 kwa saa hadi kituo fulani, kisha inarudi bila kupumzika. Safari nzima imechukua saa 5. Kituo kiko umbali gani?

Hapa kasi tunazo: kushuka 24, kupanda 16. Kisichojulikana ni umbali, uite d. Muda wa kushuka ni d/24 na wa kupanda ni d/16. Sentensi inayofunga fumbo ni ile ya muda wa jumla:

d/24 + d/16 = 5

Kigawe kidogo cha shirika cha 24 na 16 ni 48. Zidisha kila kitu kwa 48: 2d + 3d = 240, hivyo 5d = 240 na d = 48. Kilomita 48. Hakiki: 48 ÷ 24 = 2, na 48 ÷ 16 = 3, jumla saa 5.

Mtu mwenye haraka angefanya hivi: "Kasi ya kushuka ni 24, ya kupanda ni 16, wastani ni 20. Saa 5 kwa kasi ya 20 ni kilomita 100, nusu yake ni 50." Jibu lake linakaribia, na kwa kuwa linakaribia linashawishi. Kosa liko wapi? Boti ilienda kilomita 96 kwa saa 5, kwa hiyo wastani wake halisi ni 19.2. Haukufika 20 kwa sababu boti haikukaa muda sawa katika kasi zote mbili. Ilikaa saa 2 tu katika kasi kubwa na saa 3 katika kasi ndogo. Mwendo wa polepole hula muda zaidi, na wastani wa kasi ni hesabu ya muda.

Kutokana na hilo tunapata jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia: mkondo haujifidii. Unachopata wakati wa kushuka hakilipi ulichopoteza wakati wa kupanda. Bila mkondo, kilomita 96 zingechukua saa 4.8, pamoja na mkondo zimechukua saa 5. Kwa herufi, safari ya kwenda na kurudi inachukua

d/(m + k) + d/(m − k) = 2dm / (m² − k²)

Kadiri k inavyokua, m² − k² inapungua na muda unaongezeka. k ikikaribia m, muda unakuwa mkubwa bila kikomo, na hiyo ndiyo ile mashua iliyoganda mbele ya mti. Kwa hiyo jibu lako likisema kwamba safari ya kwenda na kurudi mtoni imekuwa fupi kuliko katika maji tulivu, usihangaike kuhakiki. Limekosewa.

Muda sawa, umbali tofauti

Mtumbwi wa injini unashuka kilomita 42 kwa muda uleule unaotumia kupanda kilomita 30. Mkondo ni kilomita 3 kwa saa. Tafuta kasi ya mtumbwi katika maji tulivu.

Neno zito hapa ni "uleule". Muda hatuujui na wala hatuuhitaji. Tunajua tu kuwa miwili hiyo ni sawa:

42/(m + 3) = 30/(m − 3)

Zidisha pande zote mbili kwa (m + 3)(m − 3). Unapata 42(m − 3) = 30(m + 3). Fungua mabano: 42m − 126 = 30m + 90. Kusanya: 12m = 216, m = 18. Kasi za ukingoni ni 21 na 15. 42 ÷ 21 na 30 ÷ 15 zote ni saa 2.

Ukitaka njia fupi, kwa muda ulio sawa uwiano wa umbali ndio uwiano wa kasi: 42 : 30 ni 7 : 5. Kasi mbili zenye uwiano wa 7 kwa 5, na tofauti yao ni 2k, yaani 6. Sehemu mbili ni 6, kila sehemu ni 3, kasi ni 21 na 15. Aina hii inahesabika kichwani ukizoea. Ndugu yake wa karibu ni sentensi kama "kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka". Kwa umbali uleule, muda mara mbili ni kasi nusu, hivyo m + k = 2(m − k), na m = 3k. Hatukuambiwa umbali wala muda, na tumeshajua kwamba mashua ina kasi mara tatu ya mkondo.

Mlinganyo unapozaa majibu mawili

Boti inapanda mto kilomita 24 na kurudi kilomita zizo hizo. Mkondo ni kilomita 2 kwa saa, na safari nzima ni saa 5. Kasi ya boti katika maji tulivu ni ipi?

24/(m − 2) + 24/(m + 2) = 5

Zidisha kila kipande kwa (m − 2)(m + 2), ambayo ni m² − 4. Kila kipande, pamoja na ile 5 ya upande wa kulia; hapo ndipo wengi huteleza. Upande wa kushoto:

24(m + 2) + 24(m − 2) = 24m + 48 + 24m − 48 = 48m

Upande wa kulia: 5(m² − 4) = 5m² − 20. Hamisha kila kitu upande mmoja:

5m² − 48m − 20 = 0

Huu ni mlinganyo wa kwadratiki. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni 5 × (−20) = −100 na jumla yake ni −48. Ni −50 na 2. Andika 5m² − 50m + 2m − 20 = 0, kisha 5m(m − 10) + 2(m − 10) = 0, hivyo (5m + 2)(m − 10) = 0. Ama m = 10, ama m = −2/5.

Jibu la pili linaachwa, lakini usiliache kwa mazoea tu ya kutupa chochote chenye alama ya kutoa. Liache kwa sababu ulilolijua tangu mwanzo: mashua iliyopanda mto wenye mkondo wa 2 lazima iwe na m zaidi ya 2. Kipimo hicho ni kikali kuliko "isiwe hasi", kwani mlinganyo wa aina hii, umbali wa kupanda na wa kushuka ukiwa tofauti, unaweza kukupa pia jibu chanya lililo dogo kuliko mkondo, nalo pia halifai. Hapa m = 10: kupanda 24 ÷ 8 = saa 3, kushuka 24 ÷ 12 = saa 2.

Fumbo hilohilo linaweza kugeuzwa: boti ya kasi 10 inachukua saa 1 zaidi kupanda kilomita 24 kuliko kuzishuka, mkondo ni upi? Sasa

24/(10 − k) − 24/(10 + k) = 1

na baada ya kuzidisha kwa 100 − k² inabaki 48k = 100 − k², yaani k² + 48k − 100 = 0, ambayo ni (k + 50)(k − 2) = 0. Mkondo ni 2. Ile −50 ukiirudisha kwenye mlinganyo utakuta inakubali kabisa: 24/60 ni 0.4, na 24/(−40) ni −0.6, na 0.4 kutoa −0.6 ni 1. Aljebra haijui kuwa unazungumzia mto. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wako.

Safari mbili, mambo mawili yasiyojulikana

Aina hii ndiyo inayotisha zaidi kwa macho. Boti inapanda kilomita 12 na kushuka kilomita 30 kwa jumla ya saa 5. Siku nyingine inapanda kilomita 24 na kushuka kilomita 20 kwa jumla ya saa 6. Tafuta m na k.

12/(m − k) + 30/(m + k) = 5
24/(m − k) + 20/(m + k) = 6

Ukianza kuzidisha ili kuondoa sehemu, utazama. Angalia badala yake kwamba vitu viwili vilevile vinajirudia. Viite majina mapya: x = 1/(m − k) na y = 1/(m + k). Herufi hizi zina maana halisi: x ni muda wa kupanda kilomita moja, y ni muda wa kushuka kilomita moja. Sasa unayo milinganyo sanjari ya kawaida:

12x + 30y = 5
24x + 20y = 6

Zidisha wa kwanza kwa 2: 24x + 60y = 10. Toa wa pili: 40y = 4, y = 1/10. Rudisha: 12x + 3 = 5, x = 1/6. Basi m − k = 6 na m + k = 10, na ile kanuni ya nusu ya jumla na nusu ya tofauti inatupa m = 8, k = 2. Kosa la kawaida hapa ni kuishia kwenye x na y na kuziandika kuwa ndizo jibu. Ulizibuni mwenyewe, fumbo halikuziuliza.

Kofia iliyoanguka mtoni

Mtu anapanda mto kwa boti. Akipita chini ya daraja, kofia yake inaanguka majini bila yeye kujua. Dakika 20 baadaye anagundua, anageuza boti papo hapo bila kubadili nguvu ya injini, na anaikuta kofia kilomita 4 chini ya daraja. Kasi ya mkondo ni ngapi?

Ukisoma mara ya kwanza unadhani kuna taarifa imesahauliwa, kwani kasi ya boti haikutajwa. Jaribu kwa aljebra: boti ilipanda kwa m − k kwa theluthi ya saa, kisha ikashuka kwa m + k umbali huohuo pamoja na kilomita 4. Ita muda wa kushuka t:

(m + k)t = (m − k)/3 + 4

Kofia nayo ilielea kwa kasi k muda wote huo: k(1/3 + t) = 4. Weka k/3 + kt mahali pa 4 katika mlinganyo wa kwanza: mt + kt = m/3 − k/3 + k/3 + kt. Karibu kila kitu kinafutika, inabaki mt = m/3, na t = 1/3. Dakika 20 za kurudi, sawasawa na dakika za kwenda, na m imeondoka yenyewe. Kofia ilielea dakika 40, yaani theluthi mbili za saa, kwa kilomita 4. Basi k = 4 ÷ (2/3) = 6 km kwa saa.

Aljebra imetupa jibu, lakini maji yanatupa sababu. Acha ukingo, kaa pamoja na kofia. Kwa kofia, maji yote yametulia. Daraja ndilo linalosogea. Boti iliondoka kwa kasi m kwa dakika 20, ikageuka, ikarudi kwa kasi ileile m. Itachukua dakika ngapi kurudi? Dakika 20, hakuna zaidi. Galileo Galilei alieleza wazo hili katika kitabu alichochapisha mwaka 1632: ukiwa umefungiwa ndani ya chumba cha meli inayokwenda kwa kasi isiyobadilika bila kutikisika, hakuna jaribio la mwendo utakalofanya humo ndani litakalokuambia kama meli inatembea au imesimama. Mto unaotiririka sawasawa ni meli ya namna hiyo, na kila kinachoelea ni abiria wake.

Kwa jicho hilo mafumbo mengine yanayeyuka. Boti mbili ziko umbali wa kilomita 72, zinaelekeana mtoni. Moja ina kasi ya 20 katika maji tulivu, nyingine 16. Zitakutana baada ya muda gani? Kwa aliye majini zinakaribiana kwa 36, kwa hiyo ni saa 2, mkondo uwe wowote. Mkondo unaamua mahali tu: ukiwa 4, na ile ya 20 ndiyo inayoshuka, itakuwa imeenda kilomita 48 na mwenzake 24. Kwa milinganyo ni (20 + k)t + (16 − k)t = 72, na k inajifuta mbele ya macho yako.

Mawili ya kujipima

La kwanza: boti inachukua saa 4 kushuka kutoka gati moja hadi jingine, na saa 6 kupanda. Chelezo kisicho na injini wala kasia kikifunguliwa kwenye gati la juu, kitachukua saa ngapi kufika la chini? Umbali haukutajwa, na hilo lisikutishe. Uite umbali wote 1.

La pili: boti inapanda kilomita 16 na kurudi kilomita 16 kwa jumla ya saa 3. Mkondo ni kilomita 4 kwa saa. Tafuta m.

Majibu yake ni haya. Chelezo: m + k = 1/4 na m − k = 1/6, tofauti ni 1/12, nusu yake ni k = 1/24; kitachukua saa 24. Boti: 16/(m − 4) + 16/(m + 4) = 3 inakuwa 3m² − 32m − 48 = 0, yaani (3m + 4)(m − 12) = 0, na m = 12; saa 2 za kupanda, saa 1 ya kushuka. Kama ulipata 3m² − 32m − 16, ulizidisha 3 kwa m² ukaisahau ile −16 iliyomo ndani ya mabano yaleyale.